MKUKI WA KICHINA SIO MTI WA KUPIGIA PICHA!

Leo sicheki na mtu.

Kuna staa mmoja hapa mjini, jina kapuni, wiki hii katupia klipu anazungusha mkuki wa Kichina. Kavaa nguo nyekundu za kung'aa, muziki mnene, laiki kama mvua. Poa, burudani ruksa. Kilichonitibua ni maelezo ya chini: eti anafungua darasa la watoto, ndani ya wiki mbili mwanao anakuwa masta na anaweza kujilinda mtaani. Wiki mbili!

Hivi mnajua Wachina wenyewe wanausemaje mkuki? Wanauita mfalme wa silaha. Wana msemo kwamba fimbo utajifunza kwa mwezi, upanga kwa mwaka, mkuki maisha yako yote. Na msingi wake sio kuuzungusha juu ya kichwa. Ni vitu vitatu tu: ncha inachora duara kwenda nje kuisukuma silaha ya mwenzako, duara kwenda ndani kuikandamiza, halafu unachoma. Unarudia mara elfu, kisha unafanya na mwenzako ambaye naye anakuchoma. Hata lile shungi jekundu shingoni mwa mkuki, wenyewe wanasema linamchanganya adui macho na kuzuia damu isiteremke mpaka mikononi. Staa wetu kalichagua limechi na viatu.

Na nyie mliojaa kwenye komenti mkisema "hizo taolu zote ni kudansi tu", mmekosea vilevile. Taolu, yani ule mfululizo wa mapigo yaliyopangwa, ni kama daftari: mbinu zimehifadhiwa humo zisipotee. Ila ukikariri daftari bila kuelewa, mtihani unafeli. Mi niliyeishia fomu foo nalijua hilo vizuri.

Ugomvi huu sio wa leo. Jenerali Qi Jiguang, aliyepigana na maharamia pwani ya China miaka ya 1500, aliandika kitabu cha kufundishia askari na akayakataa mapigo ya mbwembwe. Yanapendeza machoni, vitani hayana kazi.

Mtasema mbona Jet Li? Jet Li alianza akiwa mtoto, akawa bingwa wa China miaka ya 1970, ndo akaja kwenye filamu yake ya kwanza mwaka 1982. Tena ule ni mchezo wenye majaji na maksi, hakuna anayedanganywa.

Huku kwetu mtoto anadanganywa. Siku vibaka wakimzunguka na mapanga, akabaki kuzungusha mti wa fagio badala ya kukimbia, nani ataenda msibani? Staa, wewe?

Cheza mkuki upendavyo, ila sema ni shoo. Na ada za watu rudisha.

Komenti ziko wazi. Nitukaneni, ila kwanza nijibuni: wiki mbili zinatosha?