Mwovu Tunayemtafuta kwa Jirani

Mpenzi msomaji, huenda leo asubuhi umetoka kanisani, na huko mkaomba pamoja sala ile ambayo Bwana aliwafundisha wanafunzi wake. Hebu nikuulize: mlipofika mwisho, mliomba kuokolewa na nini? Wakatoliki husema "maovuni". Biblia iliyozoeleka na wengi wetu, katika Mathayo 6:13, humtaja "mwovu".

Si kosa la mfasiri. Neno la Kigiriki lililotumiwa hapo laweza kufasiriwa kwa njia zote mbili. Lakini katika lugha yetu tofauti ni kubwa. Maovu ni vitendo. Mwovu ni mtu. Ana jina, ana boma, ana shamba. Na sisi binadamu, tukipatwa na msiba, hatuna subira ya kutafuta kitendo. Twamtaka mtu.

Mimi nililelewa Butere, si mbali na stesheni ambako reli ya kutoka Kisumu inakomea. Nilipokuwa darasa la sita, mtoto wa baba mdogo alifariki. Alishikwa na homa siku tatu, akafikishwa hospitalini akiwa amechelewa. Kila mzaliwa wa sehemu zetu anajua malaria ifanyavyo baada ya mvua ndefu. Hata hivyo, matangani hakuna aliyemtaja mbu. Alitajwa mama mkubwa, mjane wa ndugu mkubwa wa baba. "Omulosi," wakanong'ona. Mchawi.

Kwa nini yeye? Sikuelewa hadi nilipokuwa mtu mzima. Mama mkubwa hakujaliwa mtoto wa kiume, na shamba aliloachiwa lilishuka hadi mtoni, miwa ikiwa karibu kuvunwa. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa amerudi kwa ndugu zake alikozaliwa, na shamba likawa na mwenyewe mwingine.

Mimi sikumrushia jiwe. Kosa langu lilikuwa dogo, au ndivyo nilivyojiambia. Zamani nilikuwa nikipita kwake kila asubuhi kumwamkia, naye hunipa ndizi mbivu ya kula njiani. Baada ya matanga nikaanza kupitia njia ya nyuma. Siku moja tulikutana kisimani. Akaniuliza, "Mwanangu, siku hizi hupiti kwangu?" Nikajifanya sikusikia.

Maandiko yasemaje juu ya mambo haya? Katika Agano la Kale, neno moja la Kiebrania, "ra", hutumiwa kwa msiba na pia kwa uovu wa mtu. Pengine ndiyo sababu ni rahisi kuvichanganya. Lakini katika Luka sura ya 13, Yesu alivitenganisha. Mnara wa Siloamu ulikuwa umeanguka ukaua watu 18. Yesu alikana kwamba hao walikuwa wakosaji kuliko wenzao wa Yerusalemu, kisha akawageukia waliokuwa wakimsikiliza na kuwataka watubu wao. Msiba si ushahidi dhidi ya mtu.

Na uovu wenyewe watoka wapi? Katika Marko sura ya 7, Yesu hakuuelekeza kidole kwenye boma la jirani. Alisema watoka ndani, moyoni mwa mtu, na akahesabu: wizi, uuaji, tamaa, kijicho, kiburi. Sisi hupenda kusema kikulacho ki nguoni mwako, tukimaanisha jamaa zetu. Ni kweli, ila nguo ya kwanza kukaguliwa ni hii niliyoivaa mimi.

Soma pia habari za Nabothi katika 1 Wafalme sura ya 21. Mfalme Ahabu alilitamani shamba lake la mizabibu, naye akakataa kuutoa urithi wa baba zake. Yezebeli akatafuta mashahidi wa uongo wamshtaki kwamba amemlaani Mungu na mfalme. Nabothi akapigwa mawe, na Ahabu akashuka kulitwaa shamba. Msomaji, je, hujawahi kuyaona hayo kijijini kwenu?

Historia ya kwetu ina ushahidi wake. Tarehe 21 Januari 1934, huko Musanda, upande wa Wanga, Alfayo Odongo Mango, shemasi wa Kianglikana aliyekuwa ameanzisha kundi la Roho, aliuawa pamoja na baadhi ya wafuasi wake katika moto uliowashwa na watu wa pale pale. Nyuma ya moto huo kulikuwa na mzozo wa ardhi. Na si mambo ya kale tu. Mnamo Oktoba 2021, huko Marani, Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa kwa kushukiwa uchawi.

Sisemi kwamba Shetani hayuko. Biblia yamtaja waziwazi. Lakini jina lenyewe, kwa Kiebrania, lina maana ya mpinzani, yule asimamaye kushtaki. Na Ufunuo 12:10 humwita mshtaki wa ndugu zetu. Basi anayesimama matangani kumshtaki mjane, bila ushahidi wowote, anaifanya kazi ya nani? Na aliyesikia akanyamaza, je?

Kwa hivyo, mtoto akishikwa na homa, mkimbize kwenye zahanati siku hiyo hiyo, na umwombee mkiwa njiani. Minong'ono ikianza kilioni, uliza swali moja tu: huyu mnayemtaja ana shamba? Na kama kuna mzee kijijini ambaye watu wameacha kumwamkia, nenda kesho ukabishe hodi.

Mama mkubwa alifia kwao. Nilipopata habari nilisafiri, nikafika wakati wanamalizia kufukia kaburi. Nilikuwa na umri wa miaka 31, na tangu siku ile ya kisimani sikuwa nimemwamkia tena.

Usiku wa leo, msomaji, ukisali sala ile, taja maovu au mwovu, upendavyo. Lakini kabla ya kusema Amina, ikumbuke nyumba moja ambayo nawe huikwepa kwa kupitia njia ya nyuma.

Jumapili njema.