Mpiga mbizi wa dhahabu apimwe kifua

Kilo, huko Ituri, inajulikana kwa dhahabu tangu 1903, na mashimo yanayofukia wachimbaji yamesemwa sana. Hatari ya mtoni husemwa kidogo. Kwenye mito ya mashariki ya Kongo, kama Ulindi kule Shabunda, draga, mashine ya kunyonya mchanga wenye dhahabu, hutegemea mpiga mbizi anayeshuka hadi chini akivuta hewa ya kompresa kupitia mpira.

Usawa wa bahari, mita 10 ndani ya maji shinikizo huwa mara mbili ya lile la juu. Kwenye miinuko ya Ituri uwiano huo huzidi kidogo. Aliyejaza mapafu huko chini akapanda ameziba pumzi, hewa yake hutaka nafasi maradufu. Haipo. Pafu hupasuka, hewa ikavuja kifuani au, baya zaidi, ikaingia kwenye damu na kufika ubongoni. Hata mita moja na nusu zaweza kutosha.

Kompresa ikizimika ghafla, nani atakumbuka kutoa pumzi polepole?

Anayepona bado yumo hatarini. Pafu lililowahi kupasuka laweza kupasuka tena, hasa likiwa na makovu ya kifua kikuu au ya vumbi la mawe, maradhi ya wachimbaji tangu zamani. Madaktari wa upigaji mbizi husita sana kumruhusu mtu huyo arudi majini, na wana haki. Njaa haisiti. Kwa hiyo kila mkoa wenye mito hiyo uingilie kati: draga isipewe kibali bila eksirei ya kifua ya kila mpiga mbizi, hata kama eksirei haioni kila kovu, na gharama ailipe mwenye mashine.