Imla na Masikio ya Watoto Wetu

Walimu wanachuo huambiwa kwamba Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, na kwa hiyo imla ni somo jepesi. Kauli hiyo ni nusu ya kweli, na nusu iliyobaki huwaumiza watoto.

Tuitazame lugha iliyobuniwa makusudi iwe nyepesi. Mwaka 1887 daktari Zamenhof alichapisha mjini Warsaw kitabu cha lugha iliyokuja kuitwa Kiesperanto. Aliipa herufi 28, kila moja na sauti yake. Irabu tano, na mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, kama Kiswahili. Pale sisi tunapoandika ch na sh, yeye aliweka c na s zenye kofia. Hata hivyo alitenganisha l na r, na Mjapani anayejifunza lugha hiyo hutaabika, maana lugha yake haizitenganishi. Tahajia haina kosa. Sikio ndilo halijazoezwa.

Tahajia yetu nayo ilipangwa mezani. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili Sanifu, na Kamati ya Lugha ya 1930 ikaendeleza kazi hiyo. Lakini mtoto wa Kinyaturu huja shuleni na irabu saba, akakuta tano ubaoni. Mtoto wa Iramba huiita wilaya yake Ilamba.

Katika mazoezi ya kufundisha wilayani humo niliona daftari la mtoto wa darasa la pili aliyeandika "balua". Mwanachuo alitia alama ya kosa, akamwamuru aliandike neno hilo mara 20. Mtoto akatii: "balua" mara 20, kwa hati nzuri kabisa.

Nilimshauri mwanachuo aweke chaki chini. Atamke kula na kura, mahali na mahari, na watoto wanyooshe mkono wanaposikia r. Kisha watamke wao, na kuandika kuje mwisho. Ndivyo pia kwa ngoa na ng'oa, ambako kialama kidogo hubadili neno zima. (Mwalimu naye ajisikilize kwanza. Nimelelewa katika Kinyiramba, na nikichoka r hunikimbia hadi leo.)

Siku ya kwanza mikono ilinyooshwa ovyo. Siku ya nne mtoto yule aliandika "barua", kisha akarudi mwenyewe kurasa za nyuma kuzisahihisha zile 20.