Tupime Macho Kabla ya Kushika Bakora

Ndugu wazazi na wanafunzi, sisi walimu tunakiri kosa letu. Kijana wetu mmoja alikuwa akikosea kila aya iliyoandikwa ubaoni. Tukamwita mvivu, tukamchapa. Lakini akishika msahafu mkononi, alisoma bila kusita. Alipopimwa, kumbe haoni mbali!

Hali hii ni ya kawaida. Mara nyingi jicho hurefuka kupita kiasi, na taswira ya kitu cha mbali haifiki sawasawa kwenye retina. Miwani huirudisha mahali pake. Wazee waliopita miaka 40 wao husumbuka kuona karibu, nao husaidiwa na miwani. Ama mtoto wa jicho, huyo huondolewa kwa upasuaji, na lenzi bandia ikawekwa.

Wapo wanaosema miwani huharibu macho ya mtoto. Si kweli. Mtume (s.a.w.) ametuhimiza tujitibu, na hapa Mwanza Hospitali ya Bugando ina idara ya macho. Basi mzazi, mwanao akifinya macho kutazama mitumbwi ziwani, mpeleke akapimwe. Bakora haitibu jicho.

Wabillahi tawfiq.