Wazee wa Baraza na Roho ya Mtu

Zamani Mahakama Kuu ilipoketi Kisumu kusikiliza kesi ya mauaji, jaji hakuketi peke yake. Walikuwako wazee wa baraza watatu, raia wenye kuzijua desturi za watu wa ziwani. Sheria hawakuisomea, fundisho lao lilikuwa maelezo ya jaji mwishoni mwa ushahidi. Ndipo kila mmoja akatoa maoni yake kwa kinywa. Jaji hakufungwa nayo, ila ilimpasa kuyasikia kabla ya kukata neno, kwani roho ya mtu ilikuwa mizanini.

Mwaka 2007 Bunge la Kenya liliwaondoa wazee hao. Hata hivyo Katiba ya 2010 yaagiza usuluhishi wa jadi ukuzwe, mradi usivunje haki za mtu. Penye wazee haliharibiki neno.