Hesabu ya Kuni na Maji ya Moto

Akina mama wa Shinyanga na Geita wayajua mashaka ya kuni. Basi na tupige hesabu. Lita 20 za maji yenye joto la digrii 25 zataka kilokalori 1,500 hata zichemke. Kilo ya kuni kavu ina kama 3,800. Lakini tukikadiria kuwa juu ya mafiga sehemu moja tu katika kumi huingia sufuriani, zitateketea kilo nne. Maji ya kunywa sharti yachemke. Ya kuoga yatosha digrii 40: kilokalori 300, kuni zisizotimia kilo moja. Ya nini, basi, kuyachemsha yote na kuyangoja yapoe? Ngitili zilizofufuliwa Shinyanga tangu mradi wa HASHI, mwaka 1986, hazikuhifadhiwa ziishie mvukeni. Israfu ni israfu, hata ya kuni.