Binti ana ratiba, kaka ana muda

Mpenzi msomaji, bila shaka waikumbuka Machi ya 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya korona. Watahiniwa wa kidato cha nne walirudi darasani Oktoba, lakini wenzao walikaa nyumbani hadi Januari 2021. Walimu wengi walituma kazi kwa WhatsApp, na mzazi akageuka mwalimu wa zamu bila kuajiriwa.

Kwangu walikuwapo watoto wawili wa dada yangu: msichana wa kidato cha tatu na nduguye wa kidato cha pili. Simu ya kusomea ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa yangu.

Siku ya pili msichana alibandika ratiba kwenye mlango wa jikoni. Somo alilolimaliza alilipiga mstari, na maswali yaliyomshinda aliyaandika nyuma ya daftari. Nduguye naye alichukua simu saa tatu asubuhi akidai anatafuta kazi ya hesabu. Ukimchungulia saa sita, anatazama mabao. Tena mabao ya zamani, kwa maana kandanda yenyewe ilikuwa imesimamishwa!

Nilimwita mzembe, msomaji, na huenda nawe ungemwita hivyo. Wataalamu nao wameiona tofauti hii. Mnamo 1990 huko Marekani, Barry Zimmerman na Manuel Martinez-Pons waliwahoji wanafunzi kuhusu namna wanavyosoma. Wasichana waliwapita wavulana katika kujiwekea malengo, kuandika maendeleo yao na kutayarisha mahali pa kusomea. Wakati huo hakukuwa na masomo ya simu, lakini haya ndiyo hasa mambo ambayo intaneti humwachia mwanafunzi ayafanye peke yake, kwani kengele hailii.

Basi nilishangaa mwalimu aliponipigia simu kulalamika kwamba kazi za hesabu za msichana hazifiki. Za msichana! Nikaenda mlangoni nikaisoma ile ratiba. Hesabu, saa nne hadi saa sita. Saa hizo alikuwa anaosha vyombo, anapiga deki, kisha anateleka chakula cha mchana. Hesabu aliifanya saa nne usiku, simu ikiwa karibu kuzima nami naidai. Na nani aliyekuwa akimtuma? Ni mimi.

Kaka mtu hakutumwa popote. Alikuwa na siku nzima, na hakuna aliyemuuliza ameitumiaje.

Ewe mzazi, likizo ikifika na kazi za shule zikiletwa kwa simu, hebu hesabu ni mara ngapi binti yako huitwa jikoni akiwa kwenye daftari. Usimfanye askari wa kumchunga nduguye pia, kosa ambalo nusura nilifanye. Mvulana tulimpa kazi moja kwa nusu saa, simu ikirudi mezani pamoja na jibu lililoandikwa kwa mkono. Saa nzima ilimshinda; nusu saa aliiweza, ingawa kwa manung'uniko.

Vyombo na upishi wakapokezana. Wiki ya kwanza tulikula ugali mbichi mara mbili na sukuma wiki iliyoungua. Kazi ya hesabu ya msichana ilimfikia mwalimu saa saba mchana.